Sisimizi wa msituni hupataje chakula bila kiongozi?

"Kwa wiki tatu sasa napita kwenye kijia kinachokatiza msitu, na kila siku nakuta msafara uleule wa sisimizi weusi ukivuka kijia mahali palepale na kupanda mti mmoja. Wanaopanda ni wembamba. Wanaoshuka wana matumbo yaliyojaa, lakini mdomoni hawana kitu, na juu ya mti sioni tunda wala ua. Hatua chache kutoka hapo kuna sisimizi wengine, wakubwa zaidi. Hao hutembea mmoja mmoja, hawana mstari. Siku moja nilipitisha kidole kukata msafara, wakahangaika kama dakika mbili, kisha wakaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Rafiki yangu anasema wana kiongozi anayenusa chakula toka mbali na kuwaita wenzake. Ni kweli? Na nikiwawekea sukari ili niwaangalie kwa karibu, nitawadhuru? Mmoja wa wale wakubwa aliniuma mguuni, pakawaka kama moto na kuvimba hadi kesho yake. Je, niwaogope?"

Umetazama kwa makini kuliko watu wengi wanaopita msituni, na karibu kila ulichokiona kina maana. Nianze na la kiongozi, maana wazo hilo likibaki, mengine yote hayataeleweka.

Msafara huo hauna kiongozi. Malkia, ambaye jina lake hutudanganya, yuko kiotani akitaga mayai. Hajui mti huo uko wapi, hatoi amri, na hamtumi yeyote. Hao unaowaona ni mabinti zake, wote majike wasio na mbawa, na kwa kawaida ndio wakongwe wa kiota. Sisimizi mchanga hufanya kazi za ndani: kulisha mabuu, kuhamisha mayai, kusafisha. Kadiri anavyozeeka ndivyo anavyosogea kuelekea mlangoni, na kutafuta chakula huwa ndiyo kazi yake ya mwisho. Nje kuna buibui, ndege, mvua na miguu yetu. Jamii hupeleka kwenye hatari wale waliobakiwa na siku chache.

Kuhusu harufu, rafiki yako amekosea nusu tu. Harufu ndiyo inayoendesha kila kitu hapo, ila si harufu ya chakula kilicho mbali. Vipapasio vya sisimizi vinaweza kunasa harufu ya chakula iliyoletwa na upepo kutoka karibu, lakini mara nyingi yule wa kwanza hukipata kwa kutangatanga. Hutoka, hupinda huku na huku, hupekua chini ya majani, hurudi nyuma, huanza tena. Akigusa kitu kinacholika, mwendo hubadilika: hupunguza kasi na kuzungukazunguka hapohapo, kwa sababu penye kipande kimoja huenda pakawa na kingine. Wengi wanaotoka hurudi mikono mitupu, na kiota hustahimili hilo kwa kuwa wanaotoka ni wengi.

Akishapata, kuna kazi ya kurudi nyumbani, na hapa ndipo mimi mwenyewe huwa nashangaa hata baada ya miaka mingi ya kuwasoma wadudu hawa. Alikwenda kwa mizunguko mingi, lakini aina nyingi hurudi karibu moja kwa moja, kwa sababu muda wote wa kutangatanga alikuwa akiweka hesabu ya umbali na uelekeo. Mwaka 2006 Matthias Wittlinger, Rüdiger Wehner na Harald Wolf walilijaribu hili kwa sisimizi wa jangwani wa jenasi (kundi la aina zenye undugu wa karibu) iitwayo Cataglyphis. Waliwashika wakiwa wameshafika kwenye chakula. Baadhi wakawaunganishia vijiti miguuni ili miguu iwe mirefu, wengine wakawafupishia. Walipowaachia warudi, wenye miguu mirefu walipitiliza mlango wa kiota, na wenye mifupi walianza kuutafuta kabla hawajafika. Idadi ya hatua ilikuwa ileile, kilichobadilika ni urefu wa hatua. Walikuwa wakipima umbali kwa hatua zao.

Jangwani jua liko wazi na hutumika kama dira. Msituni jua hukatika vipande vipande kati ya majani, kwa hiyo sisimizi wa huku hutegemea pia kumbukumbu ya macho: shina lile, kisiki kile, mwanya ule wa mwanga. Mwaka 1980 Bert Hölldobler alionyesha kwamba sisimizi mmoja mkubwa wa misitu ya Afrika, Paltothyreus tarsatus, hukariri mpangilio wa majani na matawi yaliyo juu ya kichwa chake na kuutumia kuelekea nyumbani. Unapofyeka matawi juu ya kijia, unaweza kuwa unamfutia mtu wa chini ramani yake.

Sasa mstari. Aliyepata chakula kinachostahili, akiwa anarudi, hugusisha ncha ya tumbo ardhini tena na tena, na kila anapogusa huacha chembe ya kemikali iitwayo feromoni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Edward O. Wilson alitoa tezi moja ndogo tumboni mwa sisimizi wa jenasi Solenopsis, akaiponda na kuchora nayo mstari. Sisimizi walitoka kiotani wakaufuata, ingawa mwishoni hapakuwa na chakula. Kwa hiyo hawafuatani kwa kuangaliana migongo. Kila mmoja anasoma ardhi kwa vipapasio vyake, na akifika kwenye chakula akakiona kizuri, naye hurudi akiongeza alama zake. Chakula kikiwa hafifu, huweka alama chache au haweki kabisa. Kikiisha, hakuna anayeongeza, na harufu hupotea yenyewe hewani: kwa aina nyingine ndani ya dakika chache, kwa nyingine baada ya saa au siku kadhaa. Msafara hufa bila mtu kutangaza kuwa umekwisha.

Kutokana na kanuni hiyo ndogo hutokea jambo linalofanana sana na akili. Mwaka 1989 Simon Goss, Jean-Louis Deneubourg na wenzao walitandika kati ya kiota na chakula daraja lenye njia mbili, moja ikiwa ndefu mara mbili ya nyingine. Mwanzoni sisimizi waligawanyika. Lakini waliopita njia fupi walifika na kurudi mapema, harufu ya njia yao ikatangulia kukolea, waliotoka baadaye wakavutwa huko, na muda si mrefu karibu wote wakawa kwenye njia fupi. Hakuna hata mmoja aliyepima njia zote mbili na kulinganisha.

Kuna sehemu ya pili ya jaribio hilo ambayo husimuliwa mara chache, nami naiona ni muhimu zaidi. Watafiti walipoweka njia ndefu peke yake kwanza, kisha njia fupi wakaifungua baada ya kama nusu saa, sisimizi wale waliendelea na ile ndefu. Harufu ilikuwa imeshakolea, na njia mpya haikuwa na cha kushindana nayo. Kanuni inayowafikisha ndiyo hiyohiyo inayoweza kuwapotosha. Mwanaasili William Beebe aliwahi kuwakuta, katika nchi tunayoiita leo Guyana, sisimizi jeshi waliokuwa wamejifunga kwenye duara la harufu yao wenyewe. Mzingo wake ulikuwa takriban mita 365, na kila mmoja alichukua kama saa mbili na nusu kumaliza mzunguko mmoja. Walizunguka hadi wengi wakaanguka na kufa. Ndiyo maana huwa sikubali sana watu wanaposema sisimizi hawakosei.

Na kidole chako? Ulifuta harufu kwenye upana wa sentimita moja au mbili, na juu yake ukaacha harufu ya ngozi yako. Waliofika ukingoni walikosa cha kusoma. Walisimama, wakageuka, wakapapasa pembeni. Baadhi yao, hasa waliopita hapo mara nyingi, wana kumbukumbu ya macho na uelekeo, hao wakavuka. Kila aliyevuka akaacha alama, pengo likazibika. Dakika mbili ulizohesabu ni muda wa kutosha kabisa. Hukuwadhuru, ila usiwafanyie hivyo kila siku.

Turudi kwenye mti wako. Sijauona, lakini msafara uliodumu wiki tatu mahali palepale, matumbo yaliyojaa na midomo mitupu, vyote vinanielekeza kwa jibu moja: huko juu kuna vidukari au wadudu-gamba. Wadudu hawa huchoma mti na kunyonya utomvu. Utomvu una sukari tele lakini lishe nyingine kidogo, kwa hiyo hunyonya mwingi kuliko wanavyohitaji na kutoa ziada nyuma kama matone matamu. Sisimizi huwapapasa kwa vipapasio, huyanywa matone hayo, na badala yake huwafukuza wadudu wanaokula vidukari. Ni ufugaji hasa. Ukiangalia majani ya chini ya mti huo huenda ukayakuta yananata, au yana ukungu mweusi unaoota juu ya utamu uliodondoka.

Lile tumbo lililojaa si mlo wake. Sisimizi ana mfuko wa mbele, kabla ya tumbo la kumeng'enyea, ambao kazi yake ni kubeba tu. Anachokunywa hukaa humo, na akifika kiotani hukitapika tone kwa tone kwenye vinywa vya wenzake, nao huwapa wengine. Mzee wa nje na mchanga wa ndani hula kutoka mfuko mmoja. Chakula kigumu kina njia yake tofauti: sisimizi mzima hawezi kukimeza, kwa sababu koo lake huchuja chembechembe na kuruhusu majimaji peke yake. Kwa hiyo nyama ya mdudu hupelekwa kwa mabuu, ambao hutafuna, humeng'enya, na katika aina nyingi huwarudishia wakubwa majimaji yenye virutubisho. Mtoto analishwa, na mtoto analisha.

Ukiyaweka haya pamoja, utaona kwa nini wale weusi wana barabara na wale wakubwa hawana. Ukitaka kuelewa njia ya sisimizi, uliza kwanza chakula chake kikoje. Vidukari hawahami leo na kesho, na utamu wao hautoki wote siku moja. Chakula cha namna hiyo kinastahili barabara ya kudumu. Huko Ulaya sisimizi wa misituni aitwaye Formica rufa na ndugu zake, ambao sehemu kubwa ya chakula chao ni utamu wa vidukari, hutumia barabara zilezile mwaka baada ya mwaka, na hata baada ya majira ya baridi wale wakongwe wanazikumbuka.

Wale wakubwa wa peke yao, yaelekea wanawinda au wanaokota wadudu waliokufa. Leo panzi kafia hapa, kesho jongoo kule. Ukishambeba panzi, pale alipokuwa hapana kitu tena, sasa kumwita mwenzako aje kufanya nini? Kwao mstari ungekuwa hasara. Kila mmoja hujifunza eneo lake na kulirudia. Mzigo ukimshinda nguvu ndipo baadhi yao huita msaada, na kuita huko kuna namna nyingi. Aina ndogo za jenasi Temnothorax huongozana wawili wawili: anayejua hutangulia, mgeni humgusa kwa vipapasio kutoka nyuma, na mguso ukikatika aliyetangulia husimama kumsubiri. Nigel Franks na Tom Richardson walieleza mwaka 2006 kwamba huo ni ufundishaji, kwa kuwa anayeongoza hujichelewesha ili mwingine ajifunze. Majimoto, wale wanaoshona majani ya miti kuwa viota, wana zaidi ya namna moja ya kuwaita wenzao, na wanavyoita kwa ajili ya chakula si sawa na wanavyoita kwa ajili ya vita.

Yuko pia mmoja ambaye angempa rafiki yako hoja ya kushikilia. Katika Afrika kusini mwa Sahara kuna sisimizi aitwaye Megaponera analis, ambaye hula mchwa tu. Mpelelezi mmoja akigundua mahali mchwa wanapokula, hurudi kiotani mbio na kutoka na kikosi cha mamia kwa mstari, yeye akiwa mbele. Huyo, kwa safari hiyo moja, ni kiongozi kweli. Vita na mchwa askari huacha majeruhi, na utafiti wa Erik Frank na wenzake nchini Kodivaa, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba majeruhi hubebwa kurudishwa nyumbani, na wengi hupona na kwenda vitani tena.

Siafu hawafanani na hao wote. Hawana macho, na hawamtumi mpelelezi kwanza. Hutoka kwa pamoja bila kujua kilichopo mbele. Kundi moja laweza kuwa na mamilioni. Mbele ya jeshi hakuna wa mbele wa kudumu: anayefika ukingoni husonga kidogo kwenye ardhi isiyo na harufu, huweka alama, kisha hurudi nyuma akimpisha mwingine. Nyuma yao jeshi hukusanyika kuwa nguzo moja, kingo zake zikilindwa na askari wenye vichwa vikubwa waliopanua mataya. Mende, buibui, nyungunyungu, vifaranga walioshindwa kukimbia, wote huliwa. Eneo likishapekuliwa, siafu huhama na malkia wao, ambaye hata yeye hana mbawa. Watu husema siafu wana hasira. Mimi naona ni njaa ya jamii kubwa isiyoweza kukaa mahali pamoja.

Kuhusu sukari, unaweza kuwawekea, kwa kiasi. Tone moja la maji ya sukari juu ya jani, pembeni ya msafara, kwa saa moja, halitawadhuru. Ninachokuomba usifanye ni kuliweka kila siku. Chakula cha bure kinachodumu huvuta aina zenye ubabe, zinafukuza nyingine, na baada ya muda utakuwa unaangalia kituo chako cha kulishia badala ya msitu. Pia usivunje tawi ili uwaone vidukari. Darubini ya mkono itatosha, au subiri upepo ulete jani lililoanguka.

Kama unataka kujifunza zaidi kuliko kutazama tu, weka vitu vitatu mbalimbali kwa wakati mmoja: maji ya sukari, maji yenye chumvi kidogo, na kipande cha samaki kisichozidi punje ya mchele. Wanachokimbilia kitakueleza kiota kinakosa nini. Penye mabuu wengi, samaki huenda haraka. Chumvi nayo ina hadithi yake: Michael Kaspari na wenzake walitoa mwaka 2008 matokeo kutoka misitu ya mabara ya Amerika, wakionyesha kwamba mbali na bahari, zaidi ya kilomita 100 hivi, sisimizi walivutiwa sana na chumvi, kwa sababu mvua ya huko huja na chumvi kidogo ya bahari. Wanaokula wadudu wengine hawakuwa na hamu hiyo kwa kiasi kilekile, maana nyama ina chumvi yake.

Sasa mguu wako. Wale wakubwa wa peke yao wengi wana mwiba mwishoni mwa tumbo, na huingiza sumu. Maumivu makali, wekundu na uvimbe wa hapohapo unaotulia baada ya siku moja au mbili ni jambo la kawaida. Osha kwa maji na sabuni, weka kitu baridi, usikune. Lakini mtu akiumwa kisha akapata shida ya kupumua, uvimbe wa midomo, ulimi au uso, vipele vya kuwasha mwili mzima, kizunguzungu au kutapika, huo ni mzio mkali na haungojwi: hospitali mara moja. Kama uliwahi kupata hata dalili moja kati ya hizo, muone daktari kabla hujarudi kuchungulia viota, na usiende peke yako. Uvimbe unaozidi kukua baada ya siku mbili, wenye joto au usaha, nao unataka kuonwa.

Siafu wenyewe hung'ata kwa mataya na ni rahisi kuwakimbia kwa mtu anayeweza kutembea. Hatari iko kwa asiyeweza: mtoto mchanga aliyelazwa, mgonjwa, mnyama aliyefungwa au kuku waliofungiwa. Ukiona jeshi linaelekea kwao, waondoe hao kwanza, kisha liache lipite.

Kuhusu jina la sisimizi wako, picha ya simu mara nyingi haitoshi. Aina zilizokwisha kupewa majina zinazidi 14,000, na nyingi hutofautishwa kwa vinyweleo au umbo la kiuno ambalo huonekana kwa hadubini tu. Chukua wawili au watatu ndani ya chupa ndogo yenye spiriti, andika tarehe, mahali na walichokuwa wakifanya, kisha uwapeleke kwenye idara ya wadudu ya chuo kikuu au makumbusho iliyo karibu nawe. Ikiwa msitu ni hifadhi, omba ruhusa kwanza kwa wanaousimamia. Maelezo yako ya wiki tatu yapeleke pia pamoja na chupa, kwa sababu mtaalamu akipokea mdudu bila kujua alikuwa akipanda mti gani na kushuka na nini, amepokea nusu tu.

Na kabla ya hayo yote, rudi kwenye mti ule usiku mmoja, ukiwa na mwenzako, na tochi uliyoifunika karatasi nyekundu. Sisimizi wengi hawaoni vizuri mwanga mwekundu, kwa hiyo hutawasumbua. Angalia kama msafara unaendelea gizani. Ukiukuta, itakuwa dalili kwamba macho hayana kazi kubwa kwenye barabara hiyo, na kwamba wanausoma mstari zaidi kwa vipapasio.